Goti limevimba wiki mbili baada ya kuhara damu: bakteria wamehamia kwenye kiungo?

Dada wa Muheza

Ninaomba maelezo kwa wenye elimu ya tiba na kwa yeyote aliyewahi kupitia jambo hili, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu ana lake la kusema na mgonjwa mwenyewe amechoka kusikiliza.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 26 na ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwezi uliopita tulisoma hitima ya mjomba wetu, na kesho yake watu wanane wa nyumba yetu wakaanza kuharisha, watatu kati yao wakitoa damu. Yeye alikuwa miongoni mwa hao watatu. Zahanati ilimpa siprofloksasini, ile ambayo wengi huiita sipro, kuhara kukakoma siku ya nne, akarudi kazini nasi tukayasahau. Siku ya 16 tangu tumbo lilipoanza kumsumbua, aliamka na goti la kulia limejaa hata halikunjiki. Baada ya siku tatu kifundo cha mguu wa kushoto nacho kikavimba, kidole kimoja cha mguu huohuo kikavimba chote kuanzia shinani hadi nchani, na kisigino kikaanza kumuuma kiasi kwamba asubuhi hutembea kwa kushika ukuta. Macho yote mawili yalikuwa mekundu kwa muda wa wiki moja, kisha yakatulia yenyewe.

Mahali tulipokwenda kwanza tuliambiwa kuwa taifodi imeingia kwenye mifupa, akachomwa sindano za seftriaksoni kwa siku saba bila nafuu yoyote. Wazee wanasema amekanyaga kitu alichotegewa, na mmoja wao alikuwa tayari ameshika wembe ili amchanje goti. Nilikataa, ingawa sikuwa na hoja zaidi ya woga wangu. Hatimaye tulikwenda hospitali kubwa, wakavuta maji ya goti kwa sindano, wakayapima, wakasema hakuna bakteria yeyote ndani yake. Daktari alieleza kuwa hii ni baridi yabisi inayofuata maambukizi, na kwamba chanzo chake ni kule kuhara. Alimpa diklofenaki na kututaka turudi baada ya wiki mbili. Foleni ilikuwa ndefu, wagonjwa wengine walikuwa wakisubiri mlangoni, nami nikatoka bila kuuliza yale niliyotaka kuuliza.

Nisichokielewa ni hiki: ikiwa bakteria hawamo gotini, goti linaumwa na nini? Kwa nini ni yeye peke yake, ilhali sote tulikula chakula kimoja? Je, arudie dawa za kuua bakteria, na je, ataweza kurudi kwenye kazi yake, ambayo humtaka achuchumae kutwa nzima?

Tabibu wa Kilombero

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa likieleweka hilo, mengine hufunguka yenyewe.

Bakteria wanaojulikana zaidi kwa kuanzisha hali hii ni wachache, nao wana tabia moja: hawaishii juu ya utando wa utumbo au wa njia ya mkojo, bali wanaweza kupenya na kuingia ndani ya seli. Wa tumboni ni shigela, salmonela, kampilobakta na yasinia. Wa njia ya mkojo na uzazi ni klamidia. Kwa mtu aliyehara damu baada ya kula chakula cha pamoja, mimi ningewafikiria zaidi shigela na kampilobakta, lakini kwa kuwa choo chake hakikuoteshwa maabara siku zile ili kuona ni bakteria gani anayeota, hakuna awezaye kutaja jina kwa hakika. Kinachotokea baadaye, kwa kadiri kinavyoeleweka, ni kwamba chembe za kinga humla bakteria huyo na kumvunjavunja, kisha baadhi ya mabaki yake, hasa vipande vya ukuta wake wa nje, husafiri ndani ya chembe hizohizo hadi kwenye utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Kinga huyatambua mabaki hayo, huyashambulia, na utando ule huvimba na kutoa maji mengi kupita kiasi. Goti linajaa na kuuma, ila ukiyaotesha maji yake hakuna kinachoota, kwa sababu hakuna bakteria wa tumboni aliye hai anayezaliana mle.

Hivyo, seftriaksoni haikuwa na cha kumfanyia goti hilo. Muda nao unalingana na ulivyoeleza: dalili za viungo huanza kati ya wiki moja na wiki nne baada ya maambukizi, wakati tumbo limeshatulia na mgonjwa ameshalisahau. Ni kwa sababu hiyo watu wengi hawaunganishi mambo hayo mawili, na tabibu asiyeuliza habari za mwezi uliotangulia naye hataunganisha. Goti, kifundo cha mguu, kidole kilichovimba chote, kisigino pale kano inaposhika mfupa, macho mekundu: nikipewa orodha hiyo kwa kijana aliyehara hivi karibuni, sihitaji kutafuta mbali sana.

Hata hivyo, ninataka uelewe kwa nini kuvuta maji ya goti lilikuwa jambo sahihi, na kwa nini lingefaa kufanywa mapema zaidi. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa sura, ambao ndani yake bakteria wenyewe wamo kwenye kiungo, wanazaliana na kutengeneza usaha. Huo hula gegedu, yaani utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu, na mtu anaweza kubaki na goti lililokakamaa maisha yake yote au hata kupoteza uhai. Goti moja lililovimba ghafla, lenye joto, lisiloguswa, mgonjwa akiwa na homa na kutetemeka, lihesabiwe kuwa na usaha hadi maji yake yathibitishe vinginevyo. Hapo ndipo ninapougomba ule wembe. Chale juu ya goti lililovimba ni njia ya kuwaingiza bakteria wa ngozi mahali ambapo hawakuwapo, na wewe uliyekataa ulimkinga mdogo wako na jambo zito kuliko lile alilokuwa nalo.

Kuhusu tiba, diklofenaki aliyopewa ni ya kundi la dawa zinazotuliza uvimbe, pamoja na ibuprofeni na indometasini. Hizi humezwa kwa mpangilio, kila siku kwa wiki kadhaa, pamoja na chakula. Haitoshi kumeza kidonge pale tu maumivu yanapozidi. Akipata kiungulia kikali au choo cheusi kama lami, aache mara moja na arudi hospitali, na asizitumie kabisa siku ambazo anaharisha au kutapika, kwa sababu figo zilizokosa maji huumizwa na dawa hizi kwa urahisi. Goti likiendelea kujaa, daktari anaweza kuvuta maji na kuingiza steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo, lakini baada tu ya kuhakikisha kuwa hakuna usaha. Ikipita miezi kadhaa bila utulivu, zipo salfasalazini na methotreksati, ambazo hutolewa na kufuatiliwa na daktari kwa vipimo vya damu. Tafadhali jihadharini na vidonge vya viungo vinavyouzwa bila jina ndani ya vifuko. Nimewapokea wagonjwa waliovimba uso na kupandwa na sukari kwa kuvitumia, na sura hiyo ni ya mtu aliyekula steroidi nyingi bila kujua.

Jambo la mwisho, ambalo ninawaambia wagonjwa wangu wote wenye hali hii bila kumshuku yeyote: apime virusi vya UKIMWI. Katika nchi zetu, kuanzia miaka ya 1980, baridi yabisi ya aina hii ilianza kuonekana mara nyingi zaidi kwa watu wenye virusi hivyo, na madaktari wa Zambia waliandika kwa kina juu yake. Kipimo ni cha dakika chache, na majibu yake hubadilisha namna ya kumtibu.

Mshika Darubini

Ninafanya kazi maabara, kwa hiyo nitasema juu ya vipimo tu, na hasa juu ya ile taifodi iliyoingia kwenye mifupa.

Ninahisi mdogo wako alipimwa kwa kipimo cha Widal. Kipimo hicho hutafuta kingamwili dhidi ya salmonela wa taifodi, si bakteria mwenyewe, na katika maeneo ambayo watu wengi wamewahi kukutana na jamii hiyo ya bakteria, damu ya mtu mwenye afya inaweza kutoa majibu yanayoonekana kuwa na taifodi. Kipimo kimoja cha Widal, kilichofanywa siku moja bila kurudiwa, hakitoshi kumwambia mtu kuwa ana taifodi, sembuse kuwa imefika mifupani. Ni kweli kwamba salmonela huweza kuingia ndani ya mfupa, hasa kwa watu wenye selimundu, lakini huyo huwa na homa kali na maumivu juu ya mfupa wenyewe, na picha alizotupa dada hapo juu haziendi huko. Inaniuma kuona watu wakichomwa sindano za siku saba kwa majibu ya aina hii, kwa sababu kila dozi isiyo na sababu huwafundisha bakteria wengine kuistahimili dawa tunayoitegemea kwa homa ya uti wa mgongo na kwa watoto wachanga.

Maji ya goti ndiyo yanayosema ukweli. Ya goti lenye afya ni machache na yanapitisha mwanga kama mafuta mepesi ya kula. Ya mgonjwa kama huyu ni mengi, yana ukungu, na chini ya darubini chembe nyeupe za damu ni nyingi, lakini upakaji rangi hauoneshi bakteria na kuotesha hakutoi kitu. Tunatazama pia kama kuna fuwele, chembe ngumu kama za chumvi zinazoonekana kwa mwenye jongo, kwa sababu jongo nalo huvimbisha goti usiku mmoja. Kuna tahadhari moja: mgonjwa aliyekwisha kuchomwa seftriaksoni kwa wiki nzima kabla ya maji kuvutwa anaweza kutoa majibu safi hata kama bakteria walikuwamo, kwa hiyo ninaamini daktari wenu alitazama pia mwenendo wa ugonjwa kabla ya kuamua. Goti lenye usaha halingekaa siku zote hizo kwa utulivu wa namna hiyo huku kisigino na macho vikijiunga nalo.

Kwa atakayesoma hapa akiwa na viungo vilivyovimba bila habari ya kuhara, yapo mengine ya kuulizwa. Anayekunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo apimwe brusela, bakteria anayetoka kwa mifugo. Mtoto au kijana ambaye maumivu yake huhama, leo goti, kesho kiwiko, baada ya koo kuuma, achunguzwe moyo, kwa sababu hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi inayotokana na bakteria wa kooni aitwaye streptokoka, nayo huharibu vali za moyo. Na pale homa kali na viungo vinapoanza pamoja kwa watu wengi wa mtaa mmoja, ifikiriwe chikungunya, ambayo ni ya virusi vya mbu na ambayo jina lake limetoka kwa Wamakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huko kusini mwa Tanzania.

Kijana wa Likoni

Nimesita kwa siku mbili kabla ya kuandika haya, lakini nimeona nikinyamaza kuna mtu atakayeendelea kuteseka kama nilivyoteseka mimi.

Ugonjwa wangu ulikuwa huuhuu, ila mimi sikuharisha hata siku moja. Nilianza na kisigino, nikabadilisha viatu mara tatu nikidhani ndivyo vyenye kosa. Kisha goti la kushoto likajaa, kiuno kikawa kizito asubuhi hata nikashindwa kuinama kwenye sijda, na nyayo zikatoka vipele vigumu vyenye magamba ambavyo nilivipaka dawa ya fangasi kwa mwezi mzima. Nilizunguka vituo vitatu. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mkojo, nami sikusema, kwa sababu lile washo dogo la wakati wa kukojoa lilikuwa limepita wiki tatu kabla ya hapo na niliona aibu kulitaja mbele ya muuguzi aliye rika la mama yangu. Aliyenisaidia ni daktari mmoja kijana ambaye alifunga mlango, akakaa, akaniambia kuwa ananiuliza swali hili kila mtu mwenye goti la aina yangu na kwamba jibu langu halitatoka chumbani mle. Nikamweleza. Mkojo ulipopimwa, klamidia ikaonekana.

Nilipewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba, na mke wangu naye akatibiwa wakati uleule ingawa hakuwa na dalili yoyote. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikuwa na jambo la kukiri, nikalikiri, na sitalieleza hapa. Ila ninamwambia kila mwanamume anayesoma kwamba kumficha mwenzio ni kumwachia bakteria anayeweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kumnyima mtoto, huku yeye hajui kuwa ana kitu, nawe ukirudi kwake mnaambukizana upya.

Daktari alinionya tangu mwanzo kwamba dawa ile ni ya kuiondoa klamidia na kwamba goti lingechukua njia yake. Ndivyo ilivyokuwa. Mkojo ulikuwa safi ndani ya mwezi mmoja, lakini goti lilichukua miezi saba, na katika miezi hiyo zilikuwapo wiki za kupata nafuu zilizofuatwa na wiki za kurudi nyuma. Leo ni mwaka wa tatu. Ninafanya kazi zangu zote, ninacheza mpira Jumapili, na kisigino hunikumbusha mara mojamoja nikisimama sana. Dada wa Muheza, mwambie mdogo wako asikate tamaa mwezi wa tatu, kwa sababu huo ndio ulionivunja moyo mimi: nilikuwa nimetumia dawa zote ipasavyo na bado nilishuka ngazi kwa makalio.

Mkazi wa Tampere

Ninajibu lile swali la kwa nini yeye peke yake, kwa kuwa ninaishi na kufanya kazi ya uuguzi Ufini, nchi ambayo ugonjwa huu umeandikwa sana kuliko karibu popote duniani.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, kuhara damu kwa shigela kulienea katika jeshi la Ufini, na waliougua walikadiriwa kufika 150,000. Daktari Ilmari Paronen aliwafuatilia wale ambao baada ya kuhara walivimba viungo, wakapata macho mekundu na maumivu ya mkojo, na mwaka 1948 akachapisha habari za wagonjwa 344. Zipime namba hizo mbili kwa pamoja: walioharisha ni umati, walioumwa viungo ni wachache mno. Mwaka 1962 jambo kama hilo lilitokea katika meli ya kivita ya Marekani, ambamo mabaharia zaidi ya 600 waliharisha, na walioumwa viungo hawakufika hata wawili kwa kila mia. Kwa hiyo, dada, watu wanane wa nyumba yenu kuharisha na mmoja kuvimba goti si jambo la ajabu, wala halihitaji adui aliyemtegea kitu njiani.

Kinachomtofautisha mmoja na wengine kimo kwa sehemu katika urithi wake. Mwaka 1973 iligunduliwa kwamba wengi wa wagonjwa hawa wana alama fulani juu ya chembe zao iitwayo HLA-B27, ambayo mtu huirithi kwa wazazi. Hapa Ufini mtu mmoja kati ya saba hivi anayo, na hii ni sababu mojawapo ya ugonjwa huu kujulikana sana huku. Katika jamii nyingi za Afrika kusini mwa Sahara alama hiyo ni adimu, chini ya mtu mmoja kwa kila mia, lakini wagonjwa wapo. Kwa hiyo mdogo wako akipimwa na akakosa alama hiyo, asije akaambiwa kuwa huu si ugonjwa wake. Alama haimgonjeshi mtu, na kuikosa hakumlindi. Kuwa nayo huongeza uwezekano tu, na huelekea kumfanya mgonjwa achelewe zaidi kupona.

Jina la kitabibu la ugonjwa wenyewe, kwa Kiingereza reactive arthritis, limetoka huku pia. Madaktari Ahvonen, Sievers na Aho walilitumia mwaka 1969 walipokuwa wakieleza viungo vinavyovimba baada ya maambukizi ya yasinia, bakteria anayependa nchi za baridi. Walitaka jina liseme kwamba kiungo kinaitikia jambo lililotokea kwingine mwilini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, Kaisa Granfors na wenzake walionesha vipande vya yasinia ndani ya chembe za maji ya viungo vya wagonjwa, ingawa bakteria aliye hai hakuweza kuoteshwa. Klamidia ni tofauti kidogo: kwa baadhi ya wagonjwa, chembe zake za urithi hupatikana ndani ya utando wa kiungo kana kwamba bado yuko hai, amejikunyata. Kwa sababu hiyo watafiti wamejaribu kuwapa wagonjwa wa klamidia mchanganyiko wa dawa kwa miezi sita, na upo utafiti uliotoa matumaini, lakini bado haijawa tiba ya kawaida. Kwa wale walioanzia tumboni, dawa ndefu za kuua bakteria hazijaonesha faida kwa viungo.

Ukikutana katika vitabu vya zamani na jina la Reiter, ni ugonjwa huuhuu. Hans Reiter alikuwa daktari wa Kijerumani aliyemweleza afisa mmoja wa jeshi mwaka 1916, lakini baadaye alishika cheo kikubwa cha afya katika utawala wa Wanazi na kuhusishwa na majaribio yaliyofanywa kwa wafungwa wa kambi ya Buchenwald. Madaktari wengi wameliacha jina lake, nami ninaona wamefanya haki, kwa sababu mgonjwa hapaswi kubebeshwa jina la mtu kama huyo.

Dada wa Muheza

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimemsomea mdogo wangu majibu haya neno kwa neno, na aliposikia habari za askari wale wa Ufini alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba nimsomee tena mbele ya baba. Amekubali kupima virusi vya UKIMWI. Nina mawili ya kuongeza. Kwanza, kisigino ndicho kinachomtesa kuliko goti sasa, na jirani anayejua kukanda anataka kukikanda kwa nguvu na maji ya moto. Pili, tangu juzi jicho la kulia limekuwa jekundu tena, lakini safari hii linamuuma na anakimbia mwanga. Amejifungia chumbani na pazia limeshushwa.

Tabibu wa Kilombero

Dada, jicho kwanza, na usisubiri siku ya kurudi kliniki. Wekundu wa mwanzo ulikuwa wa juu ya jicho na huo hupita wenyewe. Jicho linalouma na kuchukia mwanga ni habari nyingine: uvimbe unaweza kuwa umeingia ndani, kwenye sehemu inayozunguka mboni, na ukicheleweshwa mboni hunata, presha ya jicho hupanda na kuona hupungua. Mpeleke kesho asubuhi mahali penye mtaalamu wa macho mwenye mashine ya kulitazama jicho kwa ndani. Mwambieni waziwazi kwamba goti limevimba baada ya kuhara damu, kwa maana asipojua hilo anaweza kumpa dawa ya jicho la kawaida na kumrudisha nyumbani. Msimtilie dawa yoyote ya matone iliyobaki nyumbani kabla ya hapo.

Kisigino kisikandwe kwa nguvu. Kano iliyovimba pale inaposhika mfupa haihitaji kusuguliwa. Inahitaji kupumzishwa, kuwekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi hivi mara kadhaa kwa siku, na kiatu chenye kisigino laini kilichoinuka kidogo. Nina neno jingine ambalo nilipaswa kulisema tangu mwanzo. Siprofloksasini yenyewe inajulikana kwa kuumiza kano kubwa ya nyuma ya kisigino, na hata kuikata, wakati mwingine wiki nyingi baada ya dozi kumalizika, hasa mtu anapotumia steroidi pamoja nayo. Sidhani kwamba ndiyo iliyomletea haya yote, kwa sababu haivimbishi goti na kidole namna hiyo, lakini asipewe tena dawa ya kundi hilo bila daktari kujua habari ya kisigino, na maumivu yakihamia juu kwenye kano yenyewe au akisikia kitu kimekatika, asikanyage mguu huo mpaka atazamwe.

Goti alikunjue na kulikunja taratibu kila siku bila kulibebesha uzito, na akiwa amelala akaze misuli ya paja ahesabu hadi tano kisha aiachie, kwa sababu paja hunyauka upesi goti linapouma, na fundi anayechuchumaa atalihitaji. Kuchuchumaa kwenyewe kusubiri hadi uvimbe uishe. Kwa sasa aweke kazi juu ya meza. Kesho nendeni na pakiti zote za dawa alizotumia tangu siku ya hitima, hata zile tupu, pamoja na karatasi ya majibu ya maji ya goti.

Dada wa Muheza

Pakiti nimeshaziweka kwenye mfuko pamoja na karatasi. Basi la kwanza linaondoka saa 11 alfajiri, na baba amesema atakwenda nasi.